Bawa Ambalo Halikuiva

Asumini Likanga alimtoa mwali kwenye chupa ya spiriti mbele ya kijiji kizima, akamfuta kwa kitambaa cheupe, akamkabidhi Mwenyekiti kwa mikono miwili. Mwali mwenyewe hakuwa na sura ya kupigiwa vigelegele: kipande cha faiba chenye ukubwa wa kiganja, rangi ya asali, pembe zake zimepigwa msasa zisimkwaruze mtu. Hata hivyo watu walikuwa wameacha mashamba na kuvaa nguo za Idi, na nyuma ya banda ngoma zilikuwa zinapashwa moto. Hakuna aliyetaka kusimuliwa.

Fundi Sharifa Nangumbi, mwenyekiti wa Chama cha Waundaji Ndege, alikuwa mama mnene mwenye miwani na shavu lisilokosa korosho. Alimgeuza mwali huku na huku. Akamgonga kwa sarafu, akasikiliza mlio. Akambonyeza kwa ukucha wa dole gumba, akabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Mwali hakupata hata alama.

"Ukucha wangu ndio ulioumia," alisema Mama Mwenyekiti, akitikisa kidole. "Huyu ameiva!"

Vigelegele vikapanda. Ismaili, mdogo wake Asumini, ambaye ndiye aliyeiunda ndege iliyokuwa ikingoja bandani, alimkumbatia dada yake mpaka kilemba kikamvuka.

"Dada, umemlea! Wallahi umemlea!"

"Angekosaje kuiva?" alidakia Zuhura, mkewe Ismaili, aliyekuwa amesimama na sinia la vitafunwa. "Amevishwa kanga, amelazwa darini jikoni, anaimbiwa. Mimi nilipojifungua, wifi yangu uliniletea nini? Ndizi tatu."

"Zilikuwa tano," alisema Asumini. "Mbili nilizila njiani."

Watu wakacheka. Mawifi hao wawili walikuwa wakichomana hivyo tangu siku ya posa, na kijiji kilikuwa kimezoea. Siku wasipochomana, watu waliuliza kama kuna mgonjwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Barabara za kushuka kutoka uwanda ule wa juu zilikuwa zimechukuliwa na maporomoko, na serikali ikachoka kuzijenga upya. Kila ukoo uliotaka kufika mjini ukajifunza kuunda ndege yake. Petroli ilibaki katika masimulizi. Ndege zilikunywa spiriti iliyokamuliwa na kukenekwa kutoka kwenye mabibo, na miili yake ilifumwa kwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini iliyopikwa kwa mafuta ya maganda ya korosho. Mkorosho mmoja ulitoa mwili wa ndege na kinywaji chake pia.

Shida ni kwamba mwili na kinywaji havipatani hivi hivi. Rezini ikiiva vizuri, vijinyuzi vyake visivyoonekana hushikana mikono pande zote, na spiriti hupita juu yake bila kupata pa kuingilia. Rezini isipoiva hubaki na mianya. Spiriti huingia, hunywewa, rezini huvimba na kulainika taratibu, na kwa kuwa tangi la ndege hizo lilikuwa tumbo la bawa lenyewe, kilicholainika hakikuwa ndoo ya mafuta. Kilikuwa kitu kinachombeba mtu angani.

Ndiyo maana kukawa na mwali. Rezini ikishachanganywa, sehemu kubwa hupakwa bawani, na kidogo kutoka ndoo hiyohiyo humwagwa pembeni kuwa kipande. Kipande hicho hulelewa na somo wa ndege, yaani ndugu wa fundi aliyeteuliwa kuwa kungwi wake, kisha hutumbukizwa kwenye chupa ya spiriti kikae humo hadi siku ya kutolewa nje. Mwali akitoka mgumu, ndege hunyweshwa kwa mara ya kwanza, watu wanakula pilau, na jua likishatawanya ukungu ndege huruka. Fundi huirusha mwenyewe, na kando yake huketi mama yake mzazi. Utaratibu huo ulibuniwa na mtu mwenye akili nyingi, kwa maana tangu uanze, hakuna fundi aliyeficha ufa.

Mama yao Ismaili na Asumini, Bi Mwanahawa, alikuwa tayari ameketi kwenye kiti cha heshima, amefunga mkanda wa nguo tumboni kuzuia matumbo yasipande. Ndege ilikuwa imeandikwa jina lake ubavuni kwa rangi nyekundu: Mwanahawa wa Pili.

"Wa kwanza niko hapa," aliwaambia waliopita kumsalimu. "Leo nakwenda kumwona Mungu kwa karibu. Mwenye shida anitume."

* * *

Spiriti ilimiminwa kwenye mabawa kwa madumu, harufu yake ikajaa uwanjani, na wazee fulani wakasogea karibu bila sababu ya maana. Kisha watu wakakalia mikeka.

Asumini alipewa nafasi ya mbele, kama somo anavyostahili. Alikunja mkono wa gauni ili kiraka kionekane. Kiraka hicho, chembamba kama utando wa ndani wa yai, kilimshika ngozi ya mkono wa kushoto kuanzia kifundo hadi kwenye kiwiko, na kilikuwa kimeunganishwa na ndege tangu siku mabawa yalipofungwa. Katikati ya matabaka ya faiba mafundi hulaza uzi mmoja wa kioo unaopitisha mwanga. Bawa likipinda, mwanga hubadilika, na kiraka humwambia somo kwenye ngozi: uzito huja kama kubonyezwa, baridi huja kama baridi, upepo kama pumzi. Ndege haina mdomo, basi hukopeshwa mkono wa mtu.

Asumini aliupenda mkono ule kuliko alivyoweza kumwambia mtu. Tangu utotoni alikuwa na ugonjwa wa masikio uliompa kizunguzungu. Akipanda ngazi ya kuangulia nazi alitapika, sembuse ndege. Daktari alimwambia wazi kwamba hataruka maishani mwake. Ndugu zake wote wangeyaona mawingu kwa juu isipokuwa yeye. Kwa hiyo Ismaili alipomwomba awe somo, alikwenda kulia chooni kwa furaha, na tangu hapo alikuwa akiingoja siku hii. Leo anga ingemfuata mkononi.

Alikuwa na mfupa wa mbuzi mdomoni alipoanza kuwashwa.

Alijikuna. Akajipaka samli kidogo. Mwasho ukatulia, ukarudi, ukaenea kuelekea kwenye kiwiko.

"Umekaa kwenye upupu?" aliuliza jirani.

"Labda ni furaha," alisema Asumini.

"Furaha haiwashi, bibi wee. Paka mafuta ya nazi."

Akapaka mafuta ya nazi. Mwingine akaleta limau, ikawa vita. Akaendelea kutabasamu huku anajikuna chini ya kanga, lakini moyoni alikuwa ameshajua kuwa jambo hilo si la ngozi. Kila somo wa ndege hufundishwa hivi siku ya kwanza: bawa likibonyea, utabonyezwa, bawa likivimba, utawashwa. Na bawa lililoiva halivimbi.

Aliangalia upande wa jukwaa. Ismaili alikuwa anacheza ngoma na wanawe, jasho linamtoka, meno yote nje. Asumini aliuweka mfupa wake sahanini.

Kwa maana sheria ya Chama ilikuwa na maneno machache. Kabla ya kuruka, Mwenyekiti humuuliza somo swali moja, na somo hujibu "Iruke" au "Isiruke," bila kutoa sababu na bila kubembelezwa. Hakuna jibu la "Tusubiri." Zamani lilikuwapo, na kila aliyetaka kuhonga alihonga kwenye "Tusubiri." Ndege iliyokataliwa na somo wake hukatwa kwa msumeno siku hiyohiyo, isije ikauzwa kwa wasiojua ikaenda kuua watu mbali. Asumini aliwahi kushuhudia moja ikikatwa. Aliyeiunda alikaa chini, akashika masikio.

* * *

Alisingizia kwenda kujisaidia, akazunguka nyuma ya banda.

Ndani kulikuwa na ubaridi na giza jepesi, na Mwanahawa wa Pili ilikuwa inang'aa kwa unyevu wa ukungu uliokuwa haujakauka. Asumini alichukua glasi ya chai iliyoachwa kwenye meza ya kazi, akaifuta kwa kanga, akaikinga chini ya bawa la kushoto na kufungua koki ndogo ya kukagulia maji yaliyoingia tangini. Spiriti ya mabibo ni nyeupe kama maji ya kisima. Iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa.

Akarudia. Ikawa ileile. Akafungua kifuniko cha juu, akapitisha vidole viwili mpaka kwenye ukuta wa tangi, akausugua. Vidole vilirudi vinanata, vimepakaa ute wa kahawia.

"Unaipima joto?"

Alikuwa Zuhura, mlangoni, na sinia lake mkononi. Aliiona glasi. Akaviona vidole. Sinia likashuka polepole mpaka likafika chini.

"Wifi, hicho ni nini?"

"Ni rezini. Bawa linayeyukia ndani ya tangi."

"Lakini mwali ameiva! Mama Mwenyekiti amembonyeza mpaka kaumia, nimeona kwa macho yangu." Zuhura alikuja mbio, akainusa glasi, akakunja uso. "Ndoo moja, wifi. Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyekoroga."

"Ndoo ni moja."

"Basi itakuwaje mmoja aive na mwingine asiive?"

Asumini aliingiza mkono mfukoni mwa gauni. Mwali alikuwamo, tangu Mama Mwenyekiti alipomrudishia. Alimtoa, akamgonga kwenye meza, mwali akalia mlio mzuri wa kigae. Akamleta puani, bila kujua anatafuta nini. Spiriti ilikuwa imekauka zamani, na chini yake ilikuwapo harufu nyingine aliyoijua vizuri.

Mwali alinuka moshi.

Asumini aliketi juu ya debe. Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali. Ukungu ulilala bandani hadi saa za watu kwenda sokoni, na Zuhura alilalamika msimu mzima kwamba humo ndani maji ya kunawa yanakata vidole. Asumini mwenyewe alikuwa na ushahidi mkubwa kuliko wa mtu yeyote, kwani usiku kucha mkono wake wa kushoto ulikuwa barafu. Bawa lilikuwa linamwambia: naona baridi. Na yeye, kwa huruma, alifanya kile ambacho angemfanyia mtoto anayelia. Alimchukua mwali, akamfunika kanga, akamlaza darini juu ya moto wa jikoni. Akapata usingizi.

Rezini huiva kwa joto. Aliyepata joto aliiva mpaka ndani. Ndugu yake aliyebaki bandani, yaani bawa, aliganda nje, akaonekana mgumu, akapigwa msasa, akapakwa rangi. Ndani akabaki mbichi, kama andazi la mpishi mwenye haraka.

"Nilimpasha joto asiyeumwa," alisema Asumini. "Aliyekuwa anaumwa nilimsikia kila usiku, Zuhura. Nilimsikia na huu mkono."

Machozi yalimtoka Zuhura bila sauti, jambo ambalo kwa Zuhura lilikuwa habari.

"Sitaki kuwa mjane," alisema. "Na sitaki ikatwe. Hujui Ismaili anavyoamka usiku kuja kuigusa. Anadhani nimelala. Ikikatwa, atakayerudi kitandani kwangu hatakuwa mume, itakuwa gunia. Wifi, kwani huwezi kusema... sijui. Sema lolote. Wewe si ndiye mwenye maneno?"

Kulikuwa na la kusema. Asumini alilijua tangu alipoisikia harufu ya moshi, na alikuwa analizunguka kama mtu anayeizunguka nyumba ya anayemdai. Sheria ilikuwa na kifungu kingine, hakijawahi kutumika hapo kijijini. Mwali akithibitika kuwa hakulelewa sawa na bawa lake, basi ushahidi wote unafutwa, na ndege inarudi ndani kana kwamba siku ya kutoka haikuwapo. Haikatwi. Anayekatwa ni somo: anabanduliwa kiraka, na havishwi tena kwa ndege yoyote hadi anakufa. Chama hakiulizi kama alidanganya au alipitiwa. Walioiweka sheria walisema aliyekufa kwa uongo na aliyekufa kwa bahati mbaya huchimbiwa kaburi la urefu mmoja.

Akisema "Isiruke," atabaki somo mwenye heshima aliyeokoa roho, na siku nyingine ndugu mwingine atamletea ndege nyingine, na anga itamfuata mkononi. Hakuna atakayemuuliza sababu. Ni ndege tu itakayokatwa, na ndege si mtu.

Alitamani sana kuwa mtu wa kuridhika na hesabu hiyo. Aliitamani kwa uchungu, tusimsingizie utakatifu. Alikaa juu ya debe lile akijikuna, akitafuta njia ya nne, mpaka nje wakaanza kuimba wimbo wa kuitoa ndege.

"Futa machozi yako," alimwambia Zuhura, akampa pindo la kanga. "Ukitoka na uso huo watasema nimekupiga."

* * *

Waliisukuma Mwanahawa wa Pili hadi kwenye jua. Bi Mwanahawa wa kwanza alikuwa ameshaingia na kujifunga mkanda, na mtu aliyejaribu kumshusha kidogo alitishiwa fimbo. Ismaili alisimama karibu na pua ya ndege, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Mama Mwenyekiti alimeza korosho yake. Ngoma zikanyamaza.

"Somo, ngozi yako inasemaje?"

Asumini aliunyoosha mkono wake wa kushoto juu, watu waone jinsi ulivyovimba na kuwa mwekundu kwa kukunwa. Mnong'ono ukapita.

"Mama Mwenyekiti, sina haki ya kujibu hilo swali," alisema. "Mwali niliyewaletea asubuhi hakuishi maisha ya bawa. Bawa lilikaa baridini. Mwali nimemlaza juu ya moto wangu msimu mzima. Mnuseni. Mkishamnusa, mfungue koki ya bawa la kushoto mwone kinachotoka."

Walimnusa. Walifungua koki. Glasi ya chai ya mkandaa ilipita mkono kwa mkono, na mzee mmoja, ambaye hatumtaji, alionja akatema.

Ismaili alimtazama dada yake, kisha akaitazama glasi.

"Unajua kifungu kinachofuata," alisema Mama Mwenyekiti, na safari hii hakukuwa na mzaha usoni mwake. "Asumini. Ungeweza kusema 'Isiruke.' Ningefunga shauri, wala nisingenusa chochote."

"Ningeweza."

"Mbona hukusema?"

"Ndege haina kosa," alisema Asumini. "Mwenye kosa nipo. Kateni panapostahili."

Kutoka ndani ya ndege ikasikika sauti kali ya Bi Mwanahawa. "Kwa hiyo hatuendi? Nimejinyima maji tangu alfajiri!"

Kicheko kilichowatoka watu kilikuwa cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Hata Mama Mwenyekiti kilimponyoka. Lakini alitoa kijichupa cha asetoni mfukoni, akalowesha pamba, akapitisha taratibu kwenye kingo za kiraka. Asetoni ilikuwa baridi. Gundi ikalegea, kiraka kikainuka kidogokidogo kuanzia kifundoni, na kila kilipoinuka, mwasho ulikoma. Kilipotoka chote Asumini alihisi mkono wake kama chumba kilichohamwa. Ulikuwa mkono tu, wenye wekundu na harufu ya limau.

Zuhura alimshika begani. Hakumtania.

* * *

Spiriti ilimwagwa yote na mabawa yakaachwa wazi, yakapuliziwa hewa mpaka harufu ya mabibo ikaisha kabisa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuleta moto karibu na mvuke ule. Ismaili alifungua matumbo ya mabawa, akakwangua ute wote wa kahawia hadi kwenye faiba ngumu. Alifuta kwa asetoni, akatazama kitambaa, akafuta tena. Kitambaa kilipotoka cheupe ndipo alipopaka tabaka jipya.

Kisha wakalipika bawa. Walijenga hema la maturubai na mablanketi juu ya ndege, wakachimba tanuri nje, mbali, na kuvuta hewa ya moto kwa bomba la mabati lililofuliwa na mafundi wa mabirika. Kila nyumba ilileta mkaa wake. Bi Mwanahawa alijiteua msimamizi wa moto. Alikaa mlangoni pa hema na kipimajoto shingoni, akiwagombeza waliochochea sana na waliochochea kidogo. "Rezini ni wali," aliwaambia. "Ukiupa moto wa hasira unaungua chini na juu mbichi."

Mwali mpya alizaliwa kutoka ndoo ya tabaka jipya, na safari hii hakwenda nyumbani kwa mtu. Alilala humohumo hemani, amefungwa kwa kamba chini ya bawa. Mama Mwenyekiti alipita siku moja, akakiona kipande kile kinaning'inia, akatafuna kwa muda mrefu, akaondoka. Baada ya hapo Chama kikatangaza kwenye uwanda wote: mwali alale alipolala nduguye.

Somo mpya ilibidi awe wa damu ya fundi au wa ndoa yake. Zuhura alikataa, akakataa tena, akamfuata Asumini shambani kumwambia kuwa amekataa.

"Nani mwingine yupo?" aliuliza Asumini, bila kuacha kupalilia. "Mbuzi wenu?"

"Wifi, ni mkono wako ule."

"Mkono wangu ninao, si huu umeshika jembe? Nenda kavishwe. Na ukiwashwa, usijipake limau."

Alisema hayo kwa sauti nzuri kabisa. Zuhura alipopotea kwenye kona ya mikorosho, alikaa chini ya jua akalia hadi akatosheka, kisha akamaliza mstari wake.

* * *

Siku ya pili ya kutoka, pilau lilikuwa dogo kuliko la kwanza, maana watu walikuwa wameshakula mbuzi wa maana. Mwali alisuguliwa kwa asetoni mbele ya wote na kitambaa kikabaki cheupe. Koki ilifunguliwa, spiriti ikatoka safi, na yule mzee ambaye hatumtaji akajitolea kuhakikisha kwa kuionja, akahakikisha zaidi ya mara moja. Zuhura aliulizwa ngozi yake inasemaje, akajibu "Iruke!" kabla swali halijaisha.

Asumini alisimama nyuma kidogo, mikono ya gauni ameishusha hadi vidoleni.

Injini ikanguruma. Mwanahawa wa Pili ilikimbia kwenye nyasi, ikadunda, ikadunda tena, na kupitia dirishani watu walimwona Bi Mwanahawa amefumba macho na kufumbua mdomo. Halafu haikudunda tena. Ilipita juu ya mikorosho, ikapata jua chini ya tumbo, na kijiji kizima kikapiga kelele kama watu waliofufuka.

Zuhura alipiga kelele kuliko wote. "Inatekenya!" alilia, akijikunja, ameshika mkono wake. "Yalaa, inatekenya! Mwambieni aache!" Alicheka mpaka akapiga magoti, akainuka, akacheka tena, machozi yakimtiririka.

Kisha akamwona Asumini.

Asumini alikuwa anatazama juu kama mtu mwingine yeyote, kiganja juu ya macho kuzuia jua, na ndege ilikuwa imeshakuwa ndogo kiasi kwamba hakuna jicho lingeweza kujua inafanya nini. Alikuwa akitabasamu kwa bidii.

Zuhura alijifuta machozi. Alikuja, akamshika mkono wa kushoto, akapandisha gauni hadi kwenye kiwiko. Akaweka vidole vyake juu ya ngozi ile isiyo na kitu.

"Tulia," alisema. "Hapa kuna upepo. Unatoka mbele, unapita hivi." Vidole vikateleza kutoka kifundoni, taratibu, vyepesi kama pumzi. "Hapa wanapanda, inabonyeza. Hivi. Sasa Ismaili anapinda kushoto... bado anapinda... huyo, amenyoosha. Kuna baridi, wameingia wingu." Akapuliza kwenye mkono wa wifi yake. "Na hapa pembeni panatetemekatetemeka, sijui ni nini. Nadhani ni mama anacheka."

Asumini alikuwa amefumba macho. Kizunguzungu hakikuja.

"Unaona?" aliuliza Zuhura.

"Naona," alisema Asumini. "Usiwashushe bado."